Lishe ya mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wenye ulemavu, watu wanaoishi na magonjwa ya muda mrefu, na wale wanaowapikia na kuwalisha. Vyakula vilivyotajwa ni vile vinavyopatikana katika masoko ya Tanzania na Kenya. Kila panapotajwa kijiko cha chai ni ml 5, kijiko cha chakula ni ml 15, na kikombe ni ml 250. Pima vyombo vyako kwa maji na bomba la sindano kabla hujaanza, kwa sababu kikombe cha nyumba moja huwa ni bakuli katika nyumba nyingine.

Nilishapewa karatasi ya vyakula vya kula na vya kuacha. Mtaalamu wa lishe ataongeza nini?

Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya ugonjwa, haikuandikwa kwa ajili yako. Chukua watu wawili wenye kisukari. Mmoja figo zake zimeanza kuchoka, mwingine alipata kiharusi na anapaliwa na maji. Maharage, maziwa na parachichi vinaweza kumfaa wa pili vikishapondwa, lakini kwa wa kwanza vinahitaji kupimwa kwanza dhidi ya majibu ya damu yake. Karatasi moja haiwezi kuwahudumia wote wawili.

Mtaalamu wa lishe tiba hupima mwili, husoma majibu ya maabara na orodha ya dawa, huangalia unavyotafuna na kumeza, huuliza nani anapika na kwa bajeti gani, kisha huandika kiasi. Mpango unaosema "kula matunda kwa wingi" bado haujakamilika. Unaosema "kipande cha papai cha ukubwa wa kiganja baada ya chakula cha mchana, na usinywe juisi" unaweza kufuatwa, na usipoleta matokeo inajulikana ni wapi pa kurekebisha.

Nitampata wapi, na nitajuaje kuwa ni mtaalamu kweli?

Tanzania, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda na uulizie kitengo cha lishe. Halmashauri huwa na afisa lishe. Kazi yake kubwa ni lishe ya jamii, yaani watoto, wajawazito na shule, lakini anajua njia za rufaa za wilaya yako. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa miongozo ambayo wataalamu hawa huifuata. Kenya, wataalamu wa lishe husajiliwa na taasisi inayowasimamia, KNDI (Kenya Nutritionists and Dieticians Institute), chini ya sheria ya mwaka 2007, hivyo una haki ya kuomba namba ya usajili kabla ya kulipa.

Ondoka mara moja kwa anayekuambia uache dawa, anayeahidi kuponya mtindio wa ubongo au kisukari kwa chakula, au ambaye kila ushauri wake unaishia kwenye kopo la unga analouza yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza niende na nini?

Beba dawa zote katika pakiti zake, pamoja na za mitishamba. Beba majibu ya vipimo vya karibuni: wingi wa damu, kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu, na HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) kama una kisukari. Kwa mtoto, usisahau kadi ya kliniki. Andika chakula cha siku tatu, moja iwe ya mwisho wa wiki, na uandike kilicholiwa, si kilichopakuliwa. Uji uliomwagika kwenye bibu haukuingia tumboni.

Beba pia kijiko, kikombe na bakuli mnavyotumia. Rekodi kwa simu dakika mbili au tatu za mlo halisi, ukionyesha alivyokaa na anavyolishwa. Kipande hicho cha video humwonyesha mtaalamu mambo ambayo maelezo ya mdomo huyaacha. Muhimu kuliko vyote, aje yule anayelisha kila siku, hata kama ni dada wa kazi au bibi. Mpango uliosikiwa na mzazi aliyeko kazini mchana kutwa hufika jikoni ukiwa nusu.

Ukiulizwa uwezo wa kifedha, sema ukweli. Mpango wa nyama kila siku kwa nyumba inayopata nyama mara mbili kwa mwezi hautafuatwa, na lawama itamwangukia mlezi.

Mtoto wangu ana mtindio wa ubongo na hawezi kusimama. Atapimwaje?

Uzito ni rahisi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha pima peke yako na utoe. Tumia mizani ileile kila mwezi, na mtoto awe na nguo nyepesi.

Urefu ndio unaokosewa. Mtoto aliyekaza misuli au mwenye uti wa mgongo uliopinda akilazwa kwenye ubao wa kupimia hutoa namba isiyo ya kweli. Badala yake hupimwa kuanzia kisigino hadi juu ya goti, goti na kifundo cha mguu vikiwa vimekunjwa nyuzi 90. Kwa watoto hadi miaka 12, urefu hukadiriwa hivi: kipimo cha goti kwa sentimita, zidisha kwa 2.69, ongeza 24.2. Kipimo cha sm 24 kinatoa urefu wa karibu sm 89.

Kutoka hapo hukadiriwa nishati ya kuanzia. Mtoto asiyetembea huanzia kilokalori 11 kwa kila sentimita ya urefu, na anayetembea kwa shida 14. Kwa huyu wa sm 89 ni takriban 980 kwa siku kama hatembei. Ni makadirio tu. Mtoto ambaye viungo vyake hujinyonganyonga muda wote hutumia zaidi. Baada ya wiki nne uzito ndio utakaosema kama kiasi kinatosha.

Kwa mwenye umri wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono wa juu chini ya sm 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Chini ya 11.5, au miguu yote miwili ikivimba, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukiambiwa "watoto wa aina hii huwa wembamba tu", usikubali. Mtindio wa ubongo hauondoi haki ya kutibiwa utapiamlo, na mtoto aliyekonda huugua zaidi kifua na hupona polepole.

Kila mlo unachukua saa nzima na bado haongezeki uzito. Tufanye nini?

Tatizo kubwa kwa kawaida liko kwenye uji wenyewe. Uji mwepesi wa gramu 100 za unga kwa lita moja ya maji una takriban kilokalori 360 tu. Mtoto wetu wa mfano wa juu, anayehitaji kilokalori 980, angelazimika kunywa karibu lita 2.7 kwa siku, na tumbo lake halina nafasi hiyo. Anashiba maji.

Jaribu kikombe kimoja kilichotengenezwa hivi: unga gramu 35, sawa na vijiko vya chakula 4 vya kusawazisha, maziwa ml 100 na maji ya kutosha kufikisha kikombe kikishaiva, siagi ya karanga kijiko cha chakula 1, mafuta ya kupikia vijiko vya chai 2, sukari kijiko cha chai 1. Pika unga kwa maji hadi uive kabisa, tia maziwa, chemsha tena, ipua. Siagi ya karanga ilainishwe pembeni kwa uji wa moto kidogo ndipo ichanganywe, vinginevyo hubaki madonge na donge hupalia. Mafuta yawe ya mwisho. Kikombe hicho kina takriban kilokalori 375, ilhali kikombe cha uji mwepesi kina 90. Kwa siku tatu za kwanza tia mafuta kijiko cha chai 1 tu, maana tumbo lisilozoea huharisha.

Milo iwe 5 au 6 kwa siku, kila mmoja usizidi dakika 30. Baada ya hapo mtoto amechoka, na mtoto aliyechoka ndiye anayepaliwa.

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka saba: mahindi, ulezi, mtama, ngano na mchele vinatoa takriban kitu kilekile, yaani wanga. Kuvirundika pamoja hakumpi mtoto zaidi ya unga wa nafaka moja au mbili. Kibaya zaidi ni soya na karanga kusagwa humohumo. Soya isiyoiva vizuri huzuia protini kusagwa tumboni, na karanga zilizosagwa huharibika upesi. Nunua karanga nzima, ondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kaanga, saga kidogokidogo. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, kwa hiyo kuchagua ndiyo kinga uliyonayo jikoni.

Uji mzito ukimshinda, kimea husaidia. Loweka ulezi usiku mmoja, uoteshe siku mbili au tatu, kausha, pangusa vichipukizi na vijizizi, saga. Pika uji mzito, uache upoe hadi uwe wa moto unaovumilika kidoleni, tia kijiko cha chai cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utalainika bila kuongezwa maji. Urudishe jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Ulezi ni salama kuliko mtama kwa kazi hii, kwa kuwa vichipukizi vya mtama hutengeneza sumu ya sianidi. Onyo: kwa mtu aliyeagizwa chakula kizito ili asipaliwe, kimea hakitumiki.

Anakohoa au anapaliwa akila. Je, ni kawaida?

Hapana. Kikohozi wakati wa mlo, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, macho kutoa machozi, pumzi kubadilika, au nimonia zinazojirudia ni dalili kwamba chakula kinaingia njia ya hewa. Wengine hawakohoi kabisa ingawa kinaingia, hasa baada ya kiharusi. Kwao kinachoonekana ni homa zisizoeleweka na kupungua uzito. Mtu mwenye dalili hizi anahitaji kuangaliwa na mtaalamu wa umezaji pamoja na wa lishe. Wakati mkisubiri, anzeni na mkao.

Mlishwaji akae wima, nyonga zimekunjwa nyuzi 90, nyayo zimekanyaga kitu, kidevu kimeelekea chini kidogo. Kwa mtoto, kiti cha kona chenye taulo zilizokunjwa pande mbili hutosha kuanzia. Mlishaji akae mbele yake, macho yakilingana. Ukisimama, atainua kichwa kukutazama, na kichwa kikiinuka njia ya hewa hufunguka. Mpe nusu kijiko cha chai, subiri ameze, angalia mdomo kama uko tupu, ndipo umpe kingine. Baada ya mlo abaki wima dakika 30.

Kumlaza mtoto mapajani, kichwa nyuma, na kumnywesha kwa kiganja huku pua imebanwa kuna hatari ya kifo. Hufanywa kwa mapenzi na hofu ya njaa, lakini kioevu kikimwagwa kooni wakati mtoto anavuta pumzi huenda mapafuni. Kuachwe leo.

Uzito wa chakula, yaani kilivyo chepesi au kizito mdomoni, si kilo zake, hupangwa kwa ngazi za mfumo wa kimataifa wa IDDSI, kuanzia 0 ambayo ni maji hadi 7 ambayo ni chakula cha kawaida. Vinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la ml 10 lisilo na sindano, ambalo umbali wa alama 0 hadi 10 ni mm 61.5, lipime kwa rula, kwa sababu si mabomba yote yanalingana. Toa kisukumio, ziba ncha kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya ml 1 ni ngazi 0. Ml 1 hadi 4 ni ngazi 1. 4 hadi 8 ni ngazi 2. Zaidi ya 8, lakini bado kinatiririka, ni ngazi 3. Kisichotoka kabisa ni ngazi 4. Ngazi 4 sahihi hukaa kilima juu ya uma, na kijiko kikiinamishwa huteleza chote pamoja. Kikinata kwenye kijiko kitanata na kooni.

Mtori uliosagwa na kuchujwa, viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa, parachichi, na maharage yaliyosuguliwa kwenye chujio hadi maganda yabaki juu hufika ngazi hiyo vizuri. Vinavyosumbua ni vyenye hali mbili kwa pamoja, kama wali kwenye mchuzi mwepesi au chungwa lenye nyuzi, vinavyomeguka kama andazi kavu, na ugali unaonata.

Kosa moja la kila siku: kinywaji kilichozidishwa uzito kwa unga au wanga hulainika kikiguswa na mate. Ukichovya kijiko kilichotoka mdomoni ndani ya kikombe, baada ya dakika kumi unampa kinywaji cha ngazi nyingine. Mimina sehemu ndogo pembeni, lisha kutoka hapo.

Amewekewa mpira wa kulishia puani. Tunaruhusiwa kumpa uji?

Uji wa kawaida huziba mpira, na ugali uliosagwa huuziba kwa hakika. Daktari na mtaalamu wa lishe wataagiza maziwa maalumu ya hospitali au mchanganyiko uliochujwa, pamoja na kiasi na saa. Maziwa ya ng'ombe yenye sukari na mafuta huonekana kutosha, lakini yana chuma kidogo sana, kwa hiyo yakitumiwa wiki kadhaa bila nyongeza damu hupungua.

Kabla ya kila mlo angalia alama ya mpira puani kama haijasogea. Vuta majimaji kidogo na uyapime kwa karatasi ya pH: 5.5 au chini yake inaonyesha mpira uko tumboni. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo si uthibitisho. Alama ikisogea au mtu akianza kukohoa, usilishe, rudini kituoni. Mgonjwa aegemee nyuzi 30 hadi 45. Chakula kishuke chenyewe kwa uzito wake, ml 250 ichukue dakika 20 hivi. Kusukuma kwa nguvu huleta kutapika na kuharisha. Suuza kwa maji safi kabla na baada: ml 30 kwa mtu mzima, ml 5 hadi 10 kwa mtoto, isipokuwa umeelekezwa vingine. Dawa zisichanganywe na chakula wala zenyewe kwa zenyewe. Kila moja isagwe peke yake na mpira usuuzwe katikati. Uliza mfamasia zipi hazisagwi.

Kama mpira utahitajika zaidi ya wiki 4 hadi 6, ulizia mpira wa tumboni.

Natumia kiti cha magurudumu. Naongezeka tumbo, na sasa nina kidonda cha kukalia.

Haya ni mambo mawili yanayovutana, na ndiyo maana mpango wa jirani hautakusaidia. Baada ya kuumia uti wa mgongo misuli iliyolala hutumia nishati kidogo: karibu kilokalori 28 kwa kilo kwa aliyepooza miguu, na 23 kwa aliyepooza mikono na miguu. Ukiendelea kula ulivyokula kabla ya ajali, mafuta hujikusanya kiunoni hata kama mizani inaonekana sawa, kwa kuwa misuli imepungua.

Kidonda cha mgandamizo kikifunguka, hesabu hubadilika: kilokalori 30 hadi 35 kwa kilo na protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku, figo zikiwa nzima. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 75 hadi 90. Yai lina 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, samaki gramu 100 aliyepikwa 20 na zaidi. Dagaa wakavu walioondolewa vichwa na kusagwa, kijiko cha chakula kimoja kwenye mboga, huongeza karibu 5. Kupunguza chakula ili upungue uzito wakati kidonda kiko wazi ni kukinyima kidonda vifaa vya kujijenga. Funga kidonda kwanza, uzito baadaye. Na hakuna chakula kitakachofunga kidonda kinachoendelea kukaliwa.

Aliyekatwa mguu husahihishiwa uzito. Chini ya goti ni takriban asilimia 5.9 ya mwili, mguu mzima asilimia 16. Mwenye kilo 55 aliyekatwa chini ya goti: 55 gawa kwa 0.941, sawa na kilo 58.4. Kiasi cha chakula kinachotegemea uzito hupangwa baada ya mtaalamu kuona namba zote mbili.

Nina kisukari na macho yameanza kupotea. Nitapimaje chakula?

Kwa mikono na vyombo. Sahani iwe ileile daima. Ifikirie kama uso wa saa: kuanzia 12 hadi 6 ni mboga za majani, 6 hadi 9 ni ugali, wali au ndizi, 9 hadi 12 ni maharage, samaki au nyama. Ugali ushindiliwe kwenye kikombe ulichochagua na mtaalamu, kisha upinduliwe kwenye sahani. Kila siku utakuwa sawa. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini mlima wa dona hupandisha sukari vilevile.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, au ukianza kutetemeka na kutoka jasho: vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, pima tena. Weka sukari hiyo tayari kwenye kifuko kilichofungwa, mahali ambapo mkono unapajua. Kama unapaliwa na vinywaji vyepesi, tumia asali. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Anayetaka kufunga Ramadhani aje wiki 6 hadi 8 kabla, kwa kuwa dozi za dawa nazo hupangwa upya. Kubadili daku na futari peke yake hakutoshi.

Nina ugonjwa wa figo. Mbona kila mtu ananiambia kitu tofauti kuhusu nyama?

Kwa sababu jibu hubadilika siku unapoanza kusafishwa damu. Kabla ya hapo protini hupunguzwa, kwa wengi gramu 0.6 hadi 0.8 kwa kilo. Ukishaanza kusafishwa, mashine huondoa protini pia, na mahitaji hupanda hadi 1.0 hadi 1.2. Mtu wa kilo 60 anatoka gramu 36–48 kwenda 60–72. Wapo wanaobaki na karatasi ya zamani kwa miezi, misuli inaisha, nao wanadhani ni ugonjwa.

Potasiamu huzuiliwa kama damu imeonyesha iko juu, si kwa kila mgonjwa. Ikizuiliwa, ndizi, viazi na mchicha vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Maji ya dafu, parachichi na supu ya mboga vipunguzwe sana. Chumvi za dukani zinazoitwa mbadala nyingi zimejaa potasiamu, usiziguse. Magadi kwenye maharage na kisamvu ni sodiamu, hivyo hesabu yake ni ya chumvi.

Na kwa wasomaji wa pwani: juisi ya mabirimbi ina asidi ya oksaliki kwa wingi na imewahi kuziumiza figo hata za watu waliokuwa wazima. Mwenye figo dhaifu asiinywe kabisa, hata kama ameambiwa inashusha presha.

Mwanangu mwenye usonji anakula vyakula vitatu tu.

Usifiche mboga ndani ya chakula anachokipenda. Akigundua, utapoteza na kile kimoja. Weka chakula kipya, kiasi cha punje chache, pembeni ya sahani yake ya kawaida, bila kumlazimisha kukigusa, na ukirudishe mara 10 hadi 15. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: kwanza umbo, kisha rangi, kisha ladha. Kabla ya yote achunguzwe meno, choo na wingi wa damu. Mtoto mwenye maumivu hukataa chakula, na anayekula udongo huenda amepungukiwa chuma.

Hapati choo siku tatu, nne.

Anzia kwenye maji kabla ya nyuzinyuzi. Pumba na mboga nyingi ndani ya utumbo mkavu hugeuka tofali. Mtoto wa kilo 12 anahitaji takriban ml 1,100 za vimiminika kwa siku: ml 100 kwa kila kilo ya 10 za kwanza, na 50 kwa kila kilo inayofuata hadi ya 20. Uji na maziwa vinahesabiwa, na vinywaji vilivyozidishwa uzito pia. Kisha papai, maharage, juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi. Akikaa chooni miguu ikanyage kitu. Wengi wenye mtindio wa ubongo watahitaji pia dawa ya kulainisha, na kuitumia si kushindwa.

Dawa zangu zinahusiana na chakula?

Nyingi, ndiyo. Fenitoini, dawa ya kifafa, hufyonzwa vibaya ikipitishwa kwenye mpira pamoja na maziwa ya kulishia, na kifafa hurudi. Nafasi ya saa 1 hadi 2 kabla na baada hupangwa na daktari. Dawa za kifafa za muda mrefu hupunguza vitamini D, na metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12. Chai huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo vidonge vya chuma vikae mbali nayo walau saa moja. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, haachi mboga za majani. Anakula kiasi kilekile kila wiki. Lishe ya ketojeni (mafuta mengi, wanga kidogo sana) kwa kifafa kisichotulia ipo na huwafaa baadhi ya watoto, ila huanzishwa chini ya uangalizi wa hospitali, kamwe si kwa kusoma mtandaoni.

Mtu mzima asipotaka kufuata mpango?

Ni mwili wake. Ulemavu wa kuongea si ulemavu wa kuamua. Muulize mwenyewe, kwa kadi za picha au kwa kupepesa macho ikibidi, anataka kuacha nini na hawezi kuacha nini. Akisema kahawa ya asubuhi haiguswi, mpango ujengwe kuizunguka.

Ni wakati gani tusisubiri miadi?

Miadi ya kawaida ni baada ya wiki 2 hadi 4 mwanzoni, kisha kila miezi mitatu, na mapema zaidi dawa ikibadilishwa au mlishaji akibadilika. Lakini nendeni hospitali siku hiyohiyo akishindwa kumeza hata mate, akipata homa na kupumua kwa haraka baada ya kupaliwa, akitapika kila kitu, asipokojoa kwa muda wa saa nane wakati wa mchana, au mpira ukitoka. Na aliyekaa siku tano au zaidi bila kula kitu cha maana msimshibishe ghafla nyumbani. Chakula kingi kwa mkupuo hushusha madini ya fosfeti na potasiamu katika damu, na moyo unaweza kusimama. Hospitalini huanzishiwa kidogo, mara nyingi kilokalori 5 hadi 10 kwa kilo, akipewa vitamini B1 kwanza, huku damu ikipimwa.